Shule ya Wajapani ya London: inamfaa nani?

Shule ya Wajapani iliyopo Acton, magharibi mwa London, naipima kwa swali moja: mtoto atarudi Japani lini? Ilianza kuwa shule ya kutwa mwaka 1976, ikahamia Acton mwaka 1987, na familia nyingi za Kijapani zikaifuata huko, hata mtaa ukapata maduka na madalali wa nyumba wanaowahudumia kwa lugha yao.

Kwa mzazi aliyetumwa na kampuni kwa miaka mitatu au minne, shule hii inastahili ada yake. Masomo hufuata mtaala wa Wizara ya Elimu ya Japani, walimu hutumwa kutoka huko kwa miaka michache, vitabu vya kiada hutolewa bure na serikali yao, na mwaka wa masomo huanza Aprili, ilhali shule za jirani huanza Septemba. Lakini thamani yake kubwa imo katika kanji, herufi zenye asili ya Kichina zinazotumika kuandika Kijapani. Mtoto wa shule ya msingi hutakiwa kuzijua herufi 1,026 ndani ya miaka sita, na aliyezikosa kwa miaka miwili hurudi kwao akiwa nyuma katika kila somo, kwa kuwa hata maswali ya hesabu huandikwa kwa herufi hizohizo. Wanafunzi pia hufagia madarasa yao wenyewe, kama ilivyo Japani. Sisi tuliosoma Afrika Mashariki, tuliokwenda shule na fagio mkononi, hatuna la kushangaa hapo.

Upungufu wake ni Kiingereza. Vipindi vya lugha hiyo vipo, lakini mtoto anayesoma, kula na kucheza na Wajapani watupu anaweza kuimaliza miaka mitatu London bila kupata rafiki hata mmoja Mwingereza. Isitoshe, shule huishia darasa la tisa. Baada ya hapo mzazi amrudishe mtoto Japani, ampeleke Rikkyo, shule ya bweni ya Kijapani iliyoanzishwa West Sussex mwaka 1972, au amwingize katika shule ya Kiingereza ambayo hakuandaliwa kwa ajili yake. Familia iliyokusudia kukaa ingefanya vyema kumpeleka shule ya Waingereza tangu mwanzo na kumwongezea madarasa ya Kijapani ya Jumamosi, ingawa mzigo huo si mdogo, kama wanavyojua wazazi wetu wa London wanaowapeleka watoto madrasa kila wikendi.

Kwa hiyo, anayetaka kuandikisha mtoto amuulize kwanza mwajiri wake urefu wa mkataba, ndipo aulize ada.