Globu zinaungua kila mara: uzoefu wangu na fundi aliyekuja na mita

Kama globu za nyumba yako haziishi kuungua, usihangaike kwanza na aina ya globu. Tafuta fundi aje apime umeme. Mimi nimelipa shilingi 40,000 hapa Kihonda, Morogoro, na hela hiyo nimeitoa kwa moyo mweupe.

Hali ilikuwa hivi. Globu za LED za sebuleni na vyumbani zilikuwa hazimalizi mwezi. Moja inaanza kupepesa, nyingine inazima ghafla na kuacha harufu ya plastiki iliyoungua. Dukani jibu ni lilelile: "Hizo feki, chukua hizi za bei." Za bei nazo zikaungua. Habari ya feki haikuniingia akilini kwa sababu globu za jikoni na stoo, zilizotoka duka hilohilo, zilikuwa zinadumu, ila mwanga wake hafifu. Feki haichagui chumba. Tena kulikuwa na dalili nyingine: pasi ikiwashwa jikoni, taa za sebuleni zinazidi kung'aa. Nasema kung'aa, si kufifia. Na kile kifaa cha kulinda friji, ambacho kipo huko sebuleni, kilikuwa kinakata na kurudi chenyewe kutwa nzima.

Mafundi wa mwanzo walikuja na tasta tu. Tasta inakuonyesha kwamba umeme upo, haikwambii ni volti ngapi. Wakabadilisha holda, wakachukua chao, wakaondoka. Huyu ninayemsifia ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, alinionyesha kabla sijamuuliza, na kitu cha kwanza kutoka kwenye mkoba wake kilikuwa mita ya kupimia volti. Hakugusa globu hata moja. Aliuliza, "Mama, umeme wenu ni njia moja au njia tatu?" Ni njia tatu, maana aliyejenga nyumba hii alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti hapo uani. Akasema, "Basi naomba uniwashie hiyo pasi."

Mita ikasoma volti 258 kwenye soketi ya sebuleni na 180 jikoni. Umeme wetu unatakiwa uwe kwenye 230, na globu nyingi za madukani zimeandikwa ubavuni 220–240V. Kwa hiyo globu zangu zilikuwa zinalishwa kupita kiwango chake kila jioni.

Alinieleza jambo moja kwa subira, nami naliandika hapa kwa sababu sijaona mtu wa dukani akilisema. Umeme wa njia tatu una fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, na nyutro, yaani waya wa kuurudisha; kila fezi ukiipima na nyutro unapata volti 230, lakini fezi kwa fezi ni 400. Nyutro ndiyo inayozishika zote zikae sawa. Ikilegea, fezi zinaanza kugawana volti kufuatana na mzigo: upande wenye kitu kizito kama pasi unashuka, upande wenye vitaa vichache unapanda. Kumbe jikoni na sebuleni ulikuwa ugonjwa mmoja. Nyumba ya njia moja ni tofauti kidogo, kwani nyutro ikilegea humo ndani taa hufifia na kupepesa. Ila nyutro ikikatika nje, kwenye laini ya mtaa, hata nyumba ya njia moja inaweza kupata volti za kuunguza vitu. Hapo zima meni swichi na uwapigie shirika la umeme, kwa sababu fundi wa mtaani haruhusiwi kugusa kilicho kabla ya mita ya LUKU.

Kwetu tatizo lilikuwa ndani. Alizima meni swichi, akapima tena kuhakikisha, akafungua boksi la breka. Skrubu ya nyutro kubwa ilikuwa imelegea, na ganda la waya limebabuka likawa la kahawia. Nilikasirika sana. Watoto wanalala ukuta wa pili, na waya uliolegea ukipata joto la namna ile unaweza kuwasha moto. Alikata kipande kilichoungua, akachuna waya mpya, akabadilisha ile baa ya nyutro, yaani kipande cha chuma zinapofungwa nyaya za nyutro, akakaza skrubu zote zilizobaki. Pasi ikiwa imewaka, fezi zote zikasoma kati ya 228 na 233. Tangu siku hiyo friji haijakatakata, na globu za sebuleni ni zilezile alizoziacha.

Kasoro ninayompa ni kwamba hakuacha maandishi yoyote mpaka nilipomwomba aandike vipimo na tarehe kwenye mfuniko wa boksi, upande wa ndani. Kazi ya umeme iandikwe, fundi wa kesho ajue aanzie wapi.

Taa ya barazani ni kesi yake peke yake. Inapata volti sawa na nyingine lakini imefungiwa ndani ya kioo kisicho na tundu, na LED inachoka haraka ikikosa pa kutolea joto, hasa vile vifaa vilivyomo kwenye kitako chake. Fundi alinishauri nitoe ile ya wati 15 niweke ya wati 5, au nibadilishe kioo. Nimeweka ya wati 5, na mwanga wake unatosha kuona tundu la kufuli.