Nilienda EPIC Dublin, makumbusho ya Waairishi waliohama: uzoefu wangu

Niko Dublin mwaka wa tatu sasa, kazi yangu ni kutunza wazee, na kila nikipita Custom House Quay nilikuwa naona watu wakiingia EPIC najiambia hayo ni mambo ya watalii. Juzi nikapata ofu katikati ya wiki, mvua inanyesha kama kawaida, mwenzangu wa kazini ambaye ni Muairishi akasema twende, basi tukapanda Luas, ile treni ya mjini, ya laini nyekundu tukashuka George's Dock, hapo hata jasho hutoki.

Jengo linaitwa CHQ, ni stoo ya 1820, zamani walikuwa wanaweka tumbaku na mvinyo. Makumbusho yako chini ya ardhi, kwenye vyumba vya matofali vilivyopinda juu kama tanuri. Yalifunguliwa 2016, na aliyeyaanzisha ni Neville Isdell, yule aliyekuwa bosi wa Coca-Cola, mzaliwa wa huku lakini amekulia Zambia. Ukiingia unapewa kakitabu kama pasipoti, vyumba viko 20, na humo ndani unajigongea muhuri mwenyewe. Wacha niwaambie, mtu aliyewahi kukaa siku nzima kwa foleni akingoja stempu moja tu, akipewa muhuri ajigongee anagonga mpaka meza inatikisika. Mwenzangu alicheka, mimi nilikuwa siriasi.

Sasa mambo ya ile njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852. Nilijua tu kwamba viazi viliharibika. Kumbe ule ugonjwa ni blaiti, hii hii ambayo mamangu anapigia dawa waru zake, yaani viazi, kule kwetu Kenya, Cherangany, kila mvua ikizidi! Watu karibu milioni moja wakafa, wengine kama hao wakapanda meli, na wakati huo huo nafaka na ng'ombe vinaendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na mpaka leo hawajarudi idadi hiyo. Hapo nilisimama sana.

Lakini kilichonishika zaidi aliniambia mwenzangu, tumesimama tu kando ya ukuta. Ati zamani kijana akienda Marekani, usiku wa kuamkia safari majirani wanakuja kwao, wanakesha, wanakunywa, wanacheza, halafu asubuhi akina mama wanalia kama wamefiwa, kwa sababu huyo hamtaonana tena. Yaani matanga, na mwenye matanga amekaa hapo anakula. Nikakumbuka siku yangu ya kuondoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, matatu nzima ya watu wa kwetu, maombi kwa parking, na nyanya hakusema kitu, alinishika tu mkono akawa anaukanda kanda kama unga. Mimi napiga naye video kila Jumapili. Wale walingoja barua, miezi.

Ukimaliza huzuni, vyumba vinavyofuata ni vya sifa: Waairishi kwenye siasa, muziki, sayansi, hata wahalifu wao hawakuachwa nyuma. Akina Kennedy, ukoo wa yule rais wa Marekani, utawakuta. Kwenye michezo akili yangu ilienda Iten, kule Kenya kwa wakimbiaji, moja kwa moja, kwa Brother Colm O'Connell, mtawa wa kutoka Cork aliyekuja shule ya St Patrick's 1976 kufundisha jiografia, akaishia kumnoa David Rudisha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 kwenye Olimpiki ya London 2012. Nikamwambia mwenzangu, huyo wenu tulishamchukua, hatumrudishi.

Jambo la kujua kabla hujaenda: huku ni skrini, sauti na vitu vya kubonyeza, si makabati ya vitu vya kale. Watoto watafurahi. Mimi ni mtu wa kutaka kuona kiatu chenyewe, sanduku lenyewe lililosafiri, kwa hiyo baada ya chumba cha kumi na kitu macho yalianza kuchoka. Hiyo ni mimi, mwenzangu hakutaka kutoka.

Ukitoka usikimbilie Luas. Tembea kidogo kando ya mto utazame zile sanamu za njaa za Rowan Gillespie, za 1997, watu wembamba kama vijiti wanaelekea melini na mbwa anawafuata nyuma. Mmoja amembeba mtu mabegani kama gunia. Gillespie alitengeneza nyingine Toronto, za wale waliofika, na ukihesabu za huko ni chache kuliko za hapa.

Tiketi kata mtandaoni, tenga masaa mawili, na koti usiache nyumbani maana upepo wa pale mtoni hauna adabu. Stempu nilikosa mbili. Nitarudi.