Uzamili wa saikolojia ya tiba na unasihi: niliyoyakuta darasani

Nimemaliza miaka miwili ya uzamili wa saikolojia ya tiba na unasihi. Kama unaiwazia kozi hii kwa sababu marafiki wanakusifu kwamba unajua kusikiliza, subiri kwanza. Mimi niliingia na sifa hiyo hiyo, na haikumaliza hata muhula.

Kilichoniumbua ni zoezi dogo tu. Mwenzangu aliigiza mteja, nami nikamhoji kwa PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Manane niliyapita bila taabu. La 9 linauliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba heri afe, au kujidhuru. Msimamizi alipotuwekea rekodi, nikajisikia nikisema: “Na hili la mwisho… nadhani halikuhusu, sivyo?” Akasimamisha. “Umemuuliza au umemjibia?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulirudia swali lile moja mpaka nikaweza kulitamka taratibu, kisha ninyamaze. Huko kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.

Nadharia zilifundishwa vizuri: Carl Rogers na kumkubali mteja bila masharti, Aaron Beck na tiba ya kuchunguza fikra, halafu utambuzi wa magonjwa ya akili kwa DSM-5-TR, mwongozo wa Kimarekani wa kuyatambua, toleo la 2022. (Wiki zile kila mtu alijikuta mgonjwa. Mimi nilijipa matatu kwa siku moja.) Takwimu zinachosha, ila bila hizo tasnifu haiandikiki.

Lawama yangu kubwa ni usimamizi. Chuo kilidahili wengi kuliko kilivyoweza kuwabeba. Mafunzo kwa vitendo yalipoanza, ile saa moja ya msimamizi kwa wiki tuligawana watu 7, kila mmoja na mteja wake aliyemkosesha usingizi. Piga hesabu mwenyewe. Kuna wiki niliondoka sijafungua mdomo, na kesho yake nina mteja saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, uliza: msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Nani atasikiliza rekodi zangu? Kituo cha mafunzo mnatafuta nyie au natafuta mwenyewe? Na bodi inayotoa leseni inaitambua shahada hii? Ofisa wa udahili akianza kukusimulia uzuri wa maktaba, rudia swali la kwanza.