Albamu ya nyimbo 11 ndani ya REAPER: nilivyojifunza kupanga mradi ndani ya mradi

Faili letu la albamu ndani ya REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, liliitwa "ALBAMU_mwisho_kweli_3". Ukilifungua unakuta nyimbo 11 zimefuatana kwenye mstari mmoja wa muda, na treki (mistari ya sauti, kila chombo au sauti na wake) zinazopita 300 zinashuka chini mpaka kidole kinachoka kuzungusha gurudumu la kipanya. Kugusa besi ya wimbo wa tisa ilikuwa safari. Ukibadilisha tempo (kasi) ya wimbo wa nne, nyimbo zote zilizo nyuma yake zinahama mahali pake. Na kompyuta ilikuwa inabeba plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) za nyimbo kumi nisizozishughulikia ili nisikie mmoja ninaoushughulikia.

Kwa nini nilizirundika pamoja? Kwa sababu albamu haisikiki ukiwa na vipande. Nilitaka kusikia wimbo wa tatu unavyoingia wa nne, ukimya kati yao una urefu gani, na kama sauti ya mwimbaji inaruka ghafla kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Kila wimbo ukiwa na mradi wake peke yake, hayo huyajui mpaka uwe umeshazitoa zote kuwa mafaili ya sauti.

Nilikuwa na miaka kadhaa nikitumia REAPER na nikijiona mjuzi. Programu yenyewe si ngeni: ilianza kutoka mwaka 2005, kazi ya Justin Frankel, yule yule wa Winamp, programu ya kuchezea muziki, na mtu yeyote anaweza kuijaribu siku 60 ikiwa na kila kitu chake. Kumbe jibu la shida yangu lilikuwa humo humo kwenye menyu muda wote. REAPER inakubali mradi mzima uwekwe ndani ya mradi mwingine kama kipande cha sauti.

Inavyokwenda ni hivi. Unachagua treki za wimbo mmoja, unabofya kitufe cha kulia, unaagiza zihamie kwenye mradi mdogo, ambao nitauita mradi mtoto; ule wa albamu nzima ni mradi mama. Zinatoweka zote, na mahali pake kinabaki kipande kimoja. Ukikibofya mara mbili, wimbo unafunguka kwenye kichupo chake ukiwa na treki zake zote, plagini zake na tempo yake mwenyewe. Ukihifadhi, programu inaupiga wimbo wote kimyakimya na kuandika faili la sauti linalokaa pembeni ya mradi, lenye kiambishi .rpp-PROX. Hilo ndilo mradi mama unalolicheza. Ukishafunga kichupo cha mtoto, mama habebi plagini 40; anabeba sauti iliyokwisha kuiva. Siku nilipomaliza kuhamisha wimbo wa 11, feni ya kompyuta ilinyamaza, nikadhani imezimika.

Sasa niseme nilipojikwaa, maana hapo ndipo kuna faida kwa anayetaka kujaribu.

Mradi mtoto huwa na alama mbili, =START na =END, na kinachotoka kwenda kwa mama ni kile tu kilicho kati yake. Wimbo wetu wa tano unaisha kwa piano, noti moja inayoachwa ifie kwenye mwangwi. Mimi niliweka =END pale kidole kilipoinuka. Kwenye kichupo cha wimbo kila kitu kilisikika vizuri, lakini kwenye albamu mwangwi ulikatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Nikailaumu plagini ya mwangwi kwa siku mbili nzima, nikaitoa, nikaweka nyingine, na hiyo nayo ikakatika! Tangu hapo alama ya mwisho naisogeza mbele kwa sekunde kadhaa, ukimya wa ziada naukata kwenye mradi mama.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni la ulafi. Baada ya kuona nyimbo zimekaa vizuri, nilianza kugawa na vilivyomo ndani ya wimbo: dramu mradi wake, besi mradi wake, waitikiaji mradi wao. Kwenye wimbo mmoja kompresa ya besi (plagini inayoshusha sauti inapozidi) ilikuwa inasikiliza ngoma ya mguu, ili besi ijishushe kidogo kila ngoma inapopigwa. Nilipohamishia dramu kwenye mradi mtoto, njia ile ilikatika. Njia zinazopeleka sauti kutoka treki moja hadi nyingine hazivuki ukuta wa mradi. Kinachovuka ni sauti iliyokwisha kutolewa tu. Besi na ngoma zikaanza kugombania chumba kimoja, nami nikalazimika kurudisha kila kitu nilipokitoa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili. Ndani ya wimbo, kinachohitajika ni treki za folda: treki moja inakuwa mzazi, nyingine zinaingia chini yake, sauti zao zinajumlishwa kwake. Unaweza kuweka folda ndani ya folda kadiri utakavyo. Dramu zikawa folda, ndani yake ngoma ya mguu ina folda yake kwa sababu ilirekodiwa na vipaza sauti viwili. Zote zinabaki hai, zinasikilizana, unarekebisha huku zikicheza. Mradi mtoto nauweka kwa kitu ambacho mpangilio wake umeshatulia na kinaweza kusimama chenyewe. Wimbo mzima unastahili. Waitikiaji wa wimbo wetu wa pili pia walistahili, kwa sababu ni treki 24 za sauti zilizokwisha kukubaliwa na hakuna aliyekuwa na nia ya kuzigusa tena. Lakini kitu ambacho bado mnakibishania kiacheni wazi kwenye folda.

Kuna na hili la kunakili. Kipande cha mradi mtoto ukikinakili mara tatu, nakala zote zinatazama faili lile lile. Niliweka kiitikio cha kwaya mwanzoni mwa albamu na tena mwishoni, nikaenda kupunguza sauti za juu kwenye ile ya mwisho, na ya mwanzo nayo ikapungua. Ukitaka nakala yenye maisha yake, fungua mradi huo na uuhifadhi kwa jina jingine kwanza. Mimi sasa naipenda tabia hiyo, ila siku ile nilisema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Anayehifadhi kila dakika kama mimi atakerwa na jambo moja: kila ukihifadhi mradi mtoto, unasubiri utolewe upya. Wimbo wa dakika sita wenye plagini nzito si jambo la kupepesa jicho. Bofya kitufe cha kulia juu ya kichupo, utakuta mpangilio wa kuahirisha utoaji mpaka utakapohama kichupo hicho. Ningeujua mapema ningeokoa saa nyingi.

Kuhusu kutuma kazi kwa mtu mwingine: nilimtumia fundi wa masta, anayeikamilisha sauti ya albamu, mradi mama peke yake, akaufungua akakuta vipande vitupu. Kosa langu. Siku hizi kila albamu ina folda moja kuu kwenye diski, ndani yake kila wimbo una folda yake yenye mradi wake na rekodi zake, na nikituma natuma folda kuu yote. Fundi huyo huyo aliniomba pia muziki na sauti za waimbaji vitenganishwe. Sikutoa mafaili mapya. Niliongeza chaneli (njia za sauti) za masta, yaani treki kuu ya kutokea, ya mradi mtoto kutoka mbili hadi nne, muziki ukapita ya kwanza na ya pili, waimbaji ya tatu na ya nne, naye akavigawa upande wake.

Ikitokea umekwama kwa sababu programu haioni mafaili yalipo, kumbuka faili la .rpp, yaani faili la mradi wa REAPER, ni maandishi matupu. Niliwahi kulifungua kwenye programu ya kuandikia, nikabadilisha jina la folda mahali pote kwa mkupuo mmoja, na rekodi zote zikaonekana. Fanya nakala kwanza, lakini.

Je, ningempendekezea kila mtu? Anayetengeneza wimbo mmoja mmoja, hapana, folda zinamtosha. Bendi ambayo bado inarekodi na kubadilisha mpangilio kila jioni, subirini. Ila kwa albamu, au muziki wa filamu wenye vipande vingi, sirudi nilikotoka.

Mradi mama wetu leo una treki mbili tu, nyimbo zimepokezana juu na chini ili mwisho wa mmoja upishane na mwanzo wa mwingine. Vichupo kumi vimefungwa. Wimbo wa nane bado uko wazi: mpiga besi ameomba kurudia ubeti wa pili.