Marobota ya nyasi za Rhodes: eti "nyasi ni nyasi"

Nianze kwa kuzitetea: nyasi za Rhodes hazina kosa. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia, na jina lake nalihifadhi.

Kiangazi kilipoanza kukaza niliagiza marobota ya nyasi hizi zilizokaushwa, za kulishia ng'ombe. Yalipofika yalipendeza kwa nje, kamba zimekazwa, rangi bado ina ukijani. Nikalipa. Kukata kamba ya robota la kwanza tu, ukungu ukafuka kama unga, nikakohoa mpaka machozi. Nikaingiza mkono katikati: joto! Mfugaji hahitaji kuelezwa zaidi. Zilifungwa zikiwa na maji bado. Na Rhodes ina mabua membamba, hukauka upesi. Ndiyo maana inasifiwa kwa marobota. Kuzigeuza juani mpaka zikauke vizuri ni kazi gani hiyo ya kumshinda mtu? Marobota ya namna hii yakirundikwa ghalani yanaweza hata kushika moto yenyewe.

La pili halikuwa na ukungu. Lilikuwa mabua matupu, na masuke yaliyokwisha kupukutisha mbegu. Ng'ombe wangu alichambua vijani vichache, akayasukuma mabua kwa pua mpaka yakamwagika nje ya kihori, kisha akaanza kulia njaa.

Nikampigia simu muuzaji. "Mama, nyasi ni nyasi. Hao ng'ombe umewadekeza."

Nimewadekeza! Nikamuuliza zilikatwa lini. "Zilipokomaa vizuri," na alijibu kwa fahari kabisa. Rhodes hukatwa inapoanza kuchanua, siyo baada ya hapo. Jani changa kabisa huweza kuwa na protini kama asilimia 17, likizeeka hushuka hata asilimia 3, wakati vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinahitaji kama 7 ili visage chakula sawasawa. Kwa hiyo mimi nimenunua vitu vya kujaza tumbo. Maziwa yalianza kupungua bila kuchelewa, na simu yangu ya pili hakupokea.

Nilikusudia kumpa nyota mbili, maana alileta siku aliyoahidi na dereva wake, kijana mwenye adabu, alisaidia kupakua. Lakini kila nikikumbuka lile neno "umewadekeza" narudi kwenye moja.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hiki: marobota machache ya chini kabisa yalikuwa safi. Laini, majani tele, yananukia vizuri, ng'ombe wakalamba kihori. Maana yake nyasi nzuri anazo na kuzikausha anajua, ila alinichanganyia makusudi. Au labda zilitoka shamba jingine, sijui, na sitaki tena kumtetea.

Nitanunua kwake tena? Akikubali nifungue robota nichague mwenyewe kabla ya kutoa hela, pengine. Kwa leo hapana. Kwanza anirudishie hela ya yale yenye ukungu.