Mtutu wa alumini kwenye kifaru cha modeli: upi ununue, upi uache

Habari zenu wadau, karibuni tena hapa Kigoma, mwisho wa reli. Leo mezani nina kitu mnachokiulizia kila siku: mitutu ya alumini ya kubadilishia ile ya plastiki inayokuja kwenye boksi la modeli ya kifaru, vile vifaru vidogo vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe. Hii haitengenezwi na walioitengeneza modeli yako, ni kampuni nyingine kabisa. Poland wako vizuri sana kwenye kazi hii, RB Model na Aber wote ni wa huko. Bei ya mtutu mmoja mara nyingi inacheza kati ya dola 8 na 15, hapo hujausafirisha. Mimi nauli ya kuufikisha huku ilizidi bei ya mtutu wenyewe. Ukiagiza, changeni watu kadhaa.

Modeli ninayojenga ni Type 59 ya kampuni ya Trumpeter, skeli ya 1/35, yaani kila kipimo cha kifaru halisi kimegawanywa kwa 35. Ni kifaru cha Kichina kilichotokana na T-54A ya Warusi, na JWTZ ilikuwa nacho, kwa hiyo hapa kwetu kina wenyewe. Mzinga wake ni wa milimita 100. Gawanya kwa 35, tundu la mdomo linatakiwa liwe milimita 2.86. Na kwa watu wangu wa Kigoma: ule mzinga wa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, waliokuja kuufunga kwenye meli ya Götzen, yaani Liemba yetu, ulikuwa wa milimita 105, kwa skeli hii tundu lake ni milimita 3 kamili. Ndiyo vipimo tunavyohangaika navyo.

Sasa angalia hapa, nausogeza kwenye kamera. Huu ni mtutu wa plastiki wa seti ya zamani, una vipande viwili kama ganda la karanga. Ukiugandisha, mstari unabaki toka shina mpaka mdomoni. Unachukua msasa kuuondoa, na hapo ndipo balaa linapoanza, maana msasa unakula upande wenye mstari kuliko kwingine, mtutu uliokuwa mviringo unakuwa bapa. Nauzungusha chini ya taa, unaona mwanga unavyokatika? Chukua huu wa alumini, umekerezwa kwenye mashine. Mwanga unapita mstari mmoja, umenyooka, na unapungua unene taratibu kuelekea mbele. Mdomoni kuna tundu la kweli, na ukingo wake ni mwembamba kiasi ambacho plastiki haiwezi kukupa.

Lakini sikwambii kila mtu anunue. Seti nyingi za siku hizi zinakuja na mtutu wa kipande kimoja, mdomo umeshatobolewa. Kama ni wa hivyo, pitisha msasa laini, paka rangi, hela nunulia chakula. Sherman, kifaru cha Wamarekani, yenye mzinga mfupi wa milimita 75 nayo sioni haja: kwa skeli yetu mtutu hauzidi sentimita 9, na ukiukosea kidogo hakuna atakayejua. Tiger, kifaru cha Wajerumani, ni habari nyingine. Ule wa milimita 88 unafika sentimita 14, na wa King Tiger, mdogo wake aliyemfuata, karibu 18, halafu kule mbele kuna kile kichwa chenye matundu ya kupunguza nguvu ya mzinga kurudi nyuma ukifyatuliwa. Kwenye seti za mitutu kichwa hicho huwa cha shaba, matundu yametoboka upande hadi upande. Hicho nalipia bila kulalamika.

Kuna wanaochonga hadi ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Ni kweli mzinga wa Type 59 unayo. Ila ukishapuliza praima, ile rangi ya chini ya kushikilia rangi zingine, na rangi mbili juu yake, utaitafuta kwa tochi. Usiongeze hela kwa ajili hiyo.

Kufunga. Gundi ya plastiki hapa haifanyi kitu, maana inashika kwa kuyeyusha, na alumini haiyeyuki. Ni supa gluu au araldaiti. Mimi natumia araldaiti, inakupa muda wa kuangalia kwa juu, kwa mbele, ukaunyoosha. Supa gluu ikishika umepinda, umepinda. Kabla ya rangi uoshe kwa sabuni, ufute kwa spiriti, usiushike tena kwa vidole, kisha praima. Huu mwingine niliacha upande mmoja bila praima makusudi. Nabandika selotepu, naibandua... umeona? Rangi imekuja yote, alumini inang'aa. Upande wa praima haujatoka hata chembe.

Jambo lingine ni uzito. Alumini ni nzito mara mbili na nusu hivi ya plastiki ile, na mtutu unaning'inia mbele. Usipobana ile nyumba ya juu inayozunguka, ukiinua kifaru inainamia pua. Bandika ndani, upande wa nyuma, risasi ya kuvulia samaki, ile ya kuzamishia nyavu. Pale Kibirizi, kwa wavuvi wa hapa Kigoma, zinapatikana kirahisi.

Ukiniuliza una hela ya kitu kimoja tu, nitakushangaza: acha mzinga mkubwa, nunua mtutu wa ile bunduki ya milimita 12.7 ya juu ya paa. Tundu la milimita 100 unaweza kulitoboa mwenyewe kwa keekee ya mkono. La 12.7 kwa skeli hii ni milimita 0.36, keekee inavunjika na plastiki inapasuka. Wa shaba unakuja umeshatobolewa, na jicho la mtazamaji linaanzia juu.

Kuna mdau wa Tabora aliuliza kama antena ya redio, ile ya kuvuta, inafaa kuwa mtutu. Nimeijaribu. Ni bomba la kweli, limenyooka, ila kila kipande kina unene uleule mwanzo mwisho, na mtutu wa Type 59 unapungua. Kwa bomba la moshi la lori, safi kabisa. Kwa mzinga, hapana.