Vifaa vya kusafishia kabureta ya pikipiki katika maduka ya Mwanjelwa: vinavyofaa na vinavyoharibu

Katika maduka ya vipuri ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, mwenye bodaboda anayeulizia kifaa cha kusafishia kabureta, yaani sehemu inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, huonyeshwa kwanza seti ya sindano za chuma, na kwa maoni yangu hicho ndicho cha mwisho anachopaswa kukinunua. Sindano hizo, zinazopangwa kuanzia nyembamba hadi nene pamoja na tupa ndogo, zilibuniwa kwa ajili ya kuzibua midomo ya mitambo ya kuchomelea kwa gesi, na ukizipitisha katikati ya vidole utahisi kwamba zina meno. Jeti ya kabureta, yaani kipande kidogo chenye tundu linalopima petroli inayopita, ni shaba ya njano, iliyo laini kuliko chuma, na tundu la jeti ndogo inayolisha injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikinguruma bila kuongezwa mafuta, kwa kawaida halifiki nusu milimita. Sindano yenye meno ikisuguliwa humo hutoa uchafu, lakini huondoka na shaba pia, na tundu likishapanuka hakuna dawa isipokuwa kununua jeti nyingine.

Kwa Mbeya hasara hiyo ni kubwa zaidi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo pikipiki yenye jeti zilizopimwa kwa ajili ya ukanda wa chini huku tayari hupokea petroli nyingi kuliko inayohitajika kwa hewa iliyopo. Plagi ikitoka nyeusi, wengi huhukumu kwamba kabureta ni chafu, huingiza sindano, tundu hupanuka, petroli huzidi, na plagi hurudi nyeusi kuliko awali.

Kilichonifaa kwa kazi hiyo ni uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Nyuzi za nyaya hizo mara nyingi huwa na unene wa milimita 0.2, na kwa kuwa shaba yake ni laini kuliko ya jeti, uzi hupinda kabla haujakwaruza. Jeti ilowekwe kwanza katika dawa ya kusafishia kabureta, uzi upite bila kulazimishwa, kisha upepo wa kompresa umalizie. Tundu likiwa safi, ukiielekeza jeti kwenye mwanga utaona duara kamili.

Dawa ya kopo la kupulizia inastahili bei yake, hasa kwa gundi inayobaki pikipiki ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, kwa kuwa mrija wake mwembamba hufika kwenye njia za ndani ambazo brashi haifiki. Hata hivyo, ni kali: huvimbisha oringi na mipira mingine, kwa hiyo vitolewe vyote kabla ya kupuliza, na macho yakingwe, kwani dawa inayoingia tundu moja hutokea jingine kwa nguvu. Chupa za dawa iliyohamishiwa humo kutoka chombo kingine, zisizo na maandishi yoyote, sizipendekezi hata kwa nusu ya bei.

Kifaa ambacho wauzaji hawakitaji kabisa, nami ningekiweka mbele ya vyote, ni bisibisi nzuri. Skrubu za bakuli, yaani chombo cha chini kinachohifadhi petroli, katika kabureta nyingi zenye asili ya Japani hufuata kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haizami vizuri ndani yake, hivyo huteleza na kula kichwa cha skrubu. Kwa jeti, chagua bisibisi bapa inayojaza mfereji wote. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli ikazwe taratibu hadi iguse mwisho, huku mizunguko ikihesabiwa, ndipo ifunguliwe na kutolewa. Bila hesabu hiyo, kuirudisha mahali pake ni kubahatisha.

Kuna pia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukiuchomeka kwenye tundu la kumwagia petroli chini ya bakuli, ukaukunja kwenda juu kando ya kabureta na kulegeza skrubu ya tundu hilo, utaona kina cha petroli kilichomo. Pikipiki inayovuja baada ya kusafishwa ipimwe hivyo kwanza, kwa sababu boya lililopinda (linaloelea ndani ya bakuli) au sindano yake ya kufungia petroli isiyoziba havitibiwi na kopo jingine la dawa.